Dada yetu alituambia, "Mnanigawana kama shamba"

Ndugu mleta mada, pole sana kwa msiba wa mama. Umeuliza kama wewe na kaka yako, nyote mmeshapita miaka 65, mpokezane dada yenu aliyepooza miguu, miezi sita kwako na sita kwa kaka, au mumtafutie kituo. Mimi nina miaka 70, naishi Chang'ombe, Dodoma mjini. Hiyo njia ya kupokezana tuliipita, na nusura itupokonye mdogo wetu.

Tuko wanne. Kaka mkubwa yuko Morogoro, mimi Dodoma, dada anayenifuata Singida, na wa mwisho yuko kijijini kwetu, upande wa Mvumi. Huyu wa mwisho alipata polio akiwa na miaka mitatu, mwanzoni mwa miaka ya 60. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, kwake maji yalikuwa yameshamwagika. Mguu mmoja ulikauka, wa pili ukabaki dhaifu. Akili yake haikuguswa. Alitembea kwa magongo zaidi ya miaka hamsini, akiuza ubuyu, karanga na mlenda mkavu pale mlangoni kwa mama. Kila apitaye humsalimia "mbukwa" na kusimama kidogo.

Mama alipofariki, matanga yalipoisha tu tukakaa wazee watatu na kupanga: miezi minne Singida, minne Dodoma, minne Morogoro. Mwenyewe alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno. Hatukumwita.

Shida ilianzia chooni. Kwangu mlango wa choo ulikuwa mwembamba na una ngazi mbili. Ili aende, lazima mimi na wifi yake tumnyanyue, nami kiuno kilishachoka. Akaona tunavyohema. Basi akapunguza kunywa maji, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, ili asitusumbue. Hakusema. Tulijua alipopandwa na homa, na hospitali wakakuta maambukizi ya njia ya mkojo. Mleta mada, hili liangalie kwanza kwa dada yako: anakunywa maji kiasi gani, na kwa nini.

Baadaye ikaja safari ya basi kwenda Morogoro, saa nyingi kwenye kiti kimoja. Alifika na kidonda kimeanza kwenye makalio. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, ndiyo maana shemeji hakuona kitu. Siku hizi tunagusa kila jioni, makalio, nyonga na visigino, tukitafuta sehemu yenye joto au iliyokazana kuliko pembeni yake. Akiwa amelala tu, ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na mchana akiwa kwenye kiti ajiinue kidogo kwa mikono mara kwa mara. Kidonda kile kilichukua miezi mitano kupona.

Tena magongo yakaanza kumshinda. Mabega yanamuuma, mikono inatetemeka, ikifika saa nne asubuhi ameshachoka hoi. Sisi tukasema anadeka, mama alimlea kama yai. Nikiandika hapa bado naumia. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba mtu aliyepona polio utotoni anaweza kupata udhaifu mpya miaka thelathini, arobaini au zaidi baadaye. Neva zilizosalimika zimebeba kazi ya zile zilizokufa miaka yote hiyo, na sasa nazo zinachoka. Dawa ya kurudisha nguvu hizo hakuna. Kumlazimisha mazoezi mazito kunamzidishia. Kinachosaidia ni kupumzika kati ya kazi na kazi, kutumia kiti mwendo badala ya magongo kwenye mwendo mrefu, na kujifunika vizuri, hasa Juni na Julai upepo wa huku kwetu unapouma. Kama dada yako naye ni wa polio, mpelekeni akapimwe kabla hamjamhukumu.

Siku tulipokuja kumchukua kwa zamu nyingine alikataa kuvaa viatu. Akasema, "Kaka, mnanigawana kama shamba. Kuna aliyeniuliza nataka kukaa wapi?" Kaka mkubwa alilia mbele yetu. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Alitaka kwao tu. Tukamrudisha. Tulichanga tukapanua mlango wa chumba, tukajenga choo karibu chenye kiti cha kukalia na vyuma vya kushika, na mteremko wa saruji: kila sentimita moja ya kimo, urefu sentimita kumi na mbili, la sivyo kiti mwendo hakipandi bila kusukumwa. Binti wa jirani analala hapo na tunamlipa kila mwezi, sisi watatu tunatuma kwa simu kabla ya tarehe tano. Nyanyua nyanyua tumeacha, tunamtelezesha kwa shuka.

Kuhusu kituo sina mengi. Makazi ya serikali ya wazee na wasiojiweza yamewekwa hasa kwa wasio na ndugu wa kuwatunza, na ninyi mpo. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, muulizieni msamaha wa matibabu.

La nyumba ndilo lililotugombanisha. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016 bei ya ardhi ilipanda, na mtoto mmoja wa ukoo akaanza kuleta wanunuzi kwenye kiwanja cha mama huku shangazi yake amekaa mlangoni. Tulifanya kikao cha ukoo, muhtasari ukasainiwa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi, na nyumba ile ikaandikwa jina la mdogo wetu. Sisi tumetangulia kuzaliwa, huenda tukatangulia kuondoka. Mimi nimeshaandika wosia na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, fungu lake limo.

Umesema kikao chenu ni Jumamosi. Kifanyieni nyumbani kwake, si kwako, naye akae nanyi na aanze kuzungumza yeye. Ukifika kwenye mteremko na choo, niandikie hapa, fundi wetu bado ana vipimo.