Farasi Wakitoroka Usiku wa Baridi, Usiwakimbize

Msimamizi alinipigia saa nne na dakika ishirini usiku. Tangu alasiri ilikuwa inanyesha ile mvua ya Kentucky ya mwezi wa pili, inayoshuka ikiwa maji na kuganda papo hapo ikigusa tawi, waya au kioo cha gari. Tawi la mwaloni lilizidiwa na uzito wa barafu, likaangukia uzio wa malisho ya chini na kuvunja mbao tatu za juu. Ubao mmoja uliobaki farasi anauvuka bila kujisumbua. Humo mlikuwa na majike saba. Alipofika na gari hakukuta hata mmoja.

Wanne kati yao walikuwa na mimba ya miezi kumi.

Nafanya kazi kwenye shamba la farasi nje kidogo ya Lexington, hapa Marekani, huu ni mwaka wa saba. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na farasi nilikuwa nawaona vitabuni tu. Lexington ni mji wa farasi, na sasa ni mji wa Wakongo pia. Kiswahili unakisikia kanisani, dukani, na saa kumi na moja alfajiri mazizini. Nimeshatoka kutafuta farasi usiku mara tano. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaoanza kazi hii, maana mafunzo ya wiki ya kwanza yanakufundisha kusafisha zizi na kushika kamba. Usiku kama ule hakuna anayekueleza habari zake mpaka ukufike.

Na utakufika katika msimu mbaya kuliko yote. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, upande huu wa kaskazini wa dunia, wote huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei. Kwa hiyo wenye mashamba wanataka watoto wazaliwe mapema, ili wasiwe wadogo kuliko wenzao wa umri ule ule. Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja hivi. Ukipiga hesabu utaona kwa nini kuanzia Januari hadi Machi, wakati barafu inavunja miti, malisho yamejaa majike wazito.

Mara yangu ya kwanza nilifanya kile ambacho moyo ulinituma. Niliwaona watatu kwa mbali, nikakimbia na tochi kubwa huku nikiita. Walikuwa wametulia wanakula. Waliinua vichwa, wakageuka, wakaenda shoti mpaka barabarani. Namshukuru Mungu gari lililokuwa linakuja lilikuwa la jirani, na lilikuwa linakwenda polepole. Farasi ana kilo 500, na amesimama juu ya miguu mirefu: gari likimgonga, miguu inakatika chini na kiwiliwili chote kinaingia kwa kioo cha mbele, juu ya dereva. Siku ile ningeweza kuua mtu, na ningeua kwa haraka yangu mwenyewe.

Farasi ameumbwa kuwindwa. Kitu kinachomkimbilia gizani, kinapiga kelele na kina jicho kali la mwanga, kwake yeye kinataka kumla. Hajali kwamba asubuhi ulimpa chakula kwa mkono wako. Ukikimbia, anakimbia, na mbio zake si zako.

Basi jambo la kwanza si farasi, ni barabara. Kabla hujachukua hata kamba, mtu mmoja aende upande huu wa barabara na mwingine upande ule, magari yao yakiwa na taa za tahadhari zinazowaka. Halafu piga 911, useme farasi wako nje, utaje jina la barabara na makutano yaliyo karibu. Najua wengi wetu tunaogopa namba ile. Tumetoka mahali ambapo askari akija usiku haji kumsaidia mtu, na wengine hofu yao ni ya makaratasi. Piga hata hivyo. Mara mbili nimeona gari la polisi likisimama kwenye kilima na kufunga njia mpaka tukamaliza kuvusha farasi, na hakuna aliyeulizwa chochote zaidi ya idadi yao.

Idadi uijue kwa hakika. Usiku ule tulipoteza dakika kumi tukibishana kama ni saba au wanane, kwa sababu jike mmoja alikuwa amehamishiwa zizini mchana. Tangu hapo kwenye kila geti letu kuna ubao mweupe, na anayewaangalia jioni anaandika wako wangapi.

Vitu vya kubeba ni vichache. Hatamu ya kichwani na kamba, kwa kila mtu. Kisu kinachokata kweli. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na kifua, maana baridi inamaliza betri huku unaiangalia. Glavu pea mbili, kwa sababu ya kwanza italowa. Usivae fulana ya pamba chini ya koti: ikishika jasho haikauki, na saa mbili baadaye unatetemeka wewe kabla ya farasi. Na ndoo yenye nafaka. Hapa wengi wanakosea kwa ukarimu, wanaijaza. Ndoo iliyojaa haina sauti. Weka konzi mbili tu, uitikise, zile punje zigonge plastiki. Farasi anaijua sauti hiyo tangu utotoni na anaisikia mbali kuliko unavyodhani.

Sasa ndio kutafuta, na kutafuta kunaanza kwa kusimama. Zima gari. Zima na tochi. Simama dakika tano nzima bila kuongea. Usiku wa barafu una kelele zake, matawi yanapasuka kama risasi, lakini katikati yake utasikia mengine: kwato kwenye ardhi iliyoganda, ambayo inalia kama mtu anagonga meza, farasi anayepuliza pua, mbwa wa jirani anayebweka kuelekea upande mmoja bila kuacha. Macho yako nayo yanazoea giza.

Zaidi ya yote, waangalie farasi ambao hawajatoroka. Hili sikufundishwa na bosi. Usiku ule, tukiwa tumeshazunguka nusu saa bila kitu, nilipigiwa na dada mmoja wa kanisani kwetu anayekesha na majike wanaokaribia kuzaa kwenye shamba la jirani.

“Kaka, mmepoteza farasi?”

“Umejuaje, dada?”

“Hawa wangu wamejipanga wote kwenye uzio wa kaskazini, masikio wameyasimamisha mbele. Nyasi wameziacha nusu saa sasa. Wageni wenu watakuwa kule bondeni.”

Walikuwa kule. Farasi hapendi kuwa peke yake, na akitoka kwao anatafuta farasi wengine. Na wale wengine wanamjua amefika kabla ya binadamu yeyote, kwa sikio na kwa pua. Kwa hiyo tembea kando ya nyua za majirani, tazama vichwa vimeelekea wapi. Kama upepo ni mkali tafuta upande uliokingwa, nyuma ya mstari wa miti au chini ya kilima, maana farasi huupa upepo mgongo, mkia ukiwa umebanwa. Kabla ya yote hayo pita kwenye bwawa. Mabwawa ya mashamba yakifunikwa na barafu na theluji yanafanana na uwanja tu, na barafu inayombeba mbwa haimbebi farasi.

Nyayo usizisome kwa papara. Baada ya mvua ya kuganda nyasi zinakuwa na ngozi ngumu ya barafu, na kila kwato inaacha tundu lililopasuka pembeni. Tundu jipya chini yake pana majani ya kijani yaliyolowa. La zamani limeshaanza kuziba. Kinyesi chenye mvuke kinakwambia hawako mbali.

Ukiwaona kwa tochi utaanza kuona macho, yanarudisha mwanga kama vipande vya chupa. Shusha mwanga chini, mbele ya miguu yako. Jicho la farasi linaona gizani kuliko letu, lakini likipigwa na mwanga mkali linachelewa sana kurudi katika hali yake, na hutaki farasi aliyepofuka juu ya barafu.

Halafu punguza mwendo mpaka uone aibu. Usimwendee usoni, maana hapo mbele ya pua yake hakuoni vizuri, wala usitokee nyuma. Nenda kwa kuzunguka, uelekee begani. Ongea. Mimi huongea Kiswahili, mambo yoyote, nikiwasimulia tulivyoshinda; sauti ile ile wanayoisikia wakati wa kupigwa brashi. Akiinua kichwa, simama. Akikishusha, hatua mbili. Ukiona sikio moja limekugeukia na anatafuna midomo, umeshakubaliwa.

Na usimshike aliye karibu nawe. Mshike kiongozi. Katika kila kundi kuna jike ambaye wengine humfuata, na ukifanya kazi nao mwezi mmoja tu unamjua: ndiye anayekunywa wa kwanza, na hakuna anayempita getini. Wetu ni wa kijivu, mzee, mimi humwita Bibi. Niliwapita wawili niliokuwa naweza kuwagusa, nikaenda mpaka kwa Bibi, nikatikisa ndoo mara moja. Alikuja mwenyewe. Barafu ilikuwa imeganda kwenye kope zake na kwenye ndevu za kidevuni, zinagongana akitafuna. Nilipomvika hatamu wale wengine walikuwa wameshaanza kusogea nyuma yake kama watoto wa shule.

Kamba usiizungushe mkononi, hata kidole. Akishtuka atakuburuta, na kidole hakirudi.

Turudi kwenye hesabu: walikuwa sita. Aliyekosekana ni mweusi, mimba yake ya kwanza. Wale sita tuliwarudisha kwa kupita majanini, tukakwepa lami kwa sababu kwato haishiki juu ya lami yenye barafu. Kisha tulifanya jambo ambalo mwenzangu kutoka Guatemala, fundi wa farasi tangu utoto, alilisisitiza. Tulimtoa Bibi tena. Tulitembea naye kwa kamba kando ya mto mdogo, tukisimama kila baada ya hatua mia. Mara ya nne aliinua shingo akalia, mlio mrefu ulioutikisa mwili wake wote, nami niliusikia ukipita kwenye kamba. Kimya. Halafu kutoka chini, kwenye vichaka, akajibiwa.

Mkanda wa mguuni wa blanketi lake ulikuwa umenasa kwenye kisiki. Alikuwa amesimama bila kuvuta, anatetemeka, blanketi limezungukia tumboni na mgongo uko wazi umelowa. Manyoya ya farasi ya wakati wa baridi ni mazito na yanamtosha yakiwa makavu; yakilowa yanalala, na joto lote linaondoka. Mwenzangu alikishika kichwa akimnong’oneza Kihispania, mimi nikaingia kwenye tope na kisu. Ndiyo maana nimesema kisu.

Ilikuwa saa tisa usiku tulipomfikisha zizini. Kazi haikuishia hapo, na tafadhali usiende kulala ukiona wamefika. Msugue kwa taulo kavu mpaka manyoya yasimame. Mpe maji ya uvuguvugu na nyasi kavu, nafaka ingoje. Pitisha mikono miguu yote minne kuanzia juu mpaka kwato, polepole, kwa sababu chini ya tope jeraha halionekani, linagusika. Pima joto: nyuzi 37.2 hadi 38.3 ni salama. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni kama 28 hadi 44 kwa dakika. Yasiposhuka baada ya saa nzima, mwite daktari wa mifugo. Anayejitazama ubavu, anayeparapara chini kwa mguu, anayelala na kuinuka, ana maumivu ya tumbo, na hilo ni la kupiga simu wakati huo huo. Kwa mwenye mimba usingoje dalili yoyote. Daktari wetu alikuja alfajiri, akamsikiliza yule mweusi tumbo kwa muda mrefu, akasema tumwangalie kila nusu saa kwa siku mbili. Tulipokezana.

Kuna watu huniuliza kwa nini tusitumie chipu, maana Thoroughbred wote wa Amerika Kaskazini waliozaliwa tangu 2017 wanawekwa chipu shingoni. Chipu ile haioneshi farasi yuko wapi. Inasomwa kwa mashine uliyoishika mkononi, ukiwa umesimama kando yake. Inathibitisha ni wako. Kumtafuta ni miguu yako. Cha maana zaidi ni hatamu ya ngozi yenye kibao cha shaba chenye jina, kama farasi wenu wanavaa hatamu malishoni. Ngozi akinasa inakatika. Nailoni haikatiki, na nimeona ilichofanya.

Kulipokucha nilirudi kwenye uzio kabla ya kunywa chai. Mafundi huja, wanapigilia mbao mpya wanaondoka, lakini kwanza tembea mwenyewe uzio wote, siyo pale palipovunjika tu. Nilisukuma kila nguzo. Mbili zilicheza. Hatua sitini kutoka lile tawi nilikuta ubao umechomoka misumari upande mmoja, na kwenye kibanzi chake kulikuwa na singa nyeusi za mkia, ndefu, zimeganda kwenye barafu. Yeye alitokea hapo, peke yake. Ndiyo maana hakuwa na wenzake.