Baa ikivuta waporaji, nani awajibike?

SWALI: Wateja wameporwa mara tatu kwenye maegesho ya baa ya mtaani kwetu. Mwenye baa anasema uhalifu ni kazi ya polisi. Je, anaweza kuwajibishwa?

JIBU: Anaweza, ingawa sheria za nchi hutofautiana. Kwa kawaida hupimwa mambo mawili: je, alijua au alipaswa kujua kuwa hatari ipo, na je, mahali penyewe pako chini yake? Maegesho ni yake. Kichochoro cha mbali si chake. Mwaka 1970, mahakama ya rufaa mjini Washington, Marekani, ilimwajibisha mwenye jengo baada ya mpangaji kushambuliwa kwenye korido, kwani uhalifu humo ulikuwa ukiongezeka huku ulinzi ukipunguzwa. Kumtwika mfanyabiashara uhalifu wa mtaa mzima ni kumwonea, lakini taa iliyoungua asiibadilishe ni uzembe wake.

Mwandikieni barua yenye tarehe, saa na mahali pa kila tukio, mbaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Wengi hukwama hapa: hulalamika kwa mdomo tu, kisha mhusika anakana kuambiwa. Ombeni pia picha za kamera zihifadhiwe mara moja, maana mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani.