Maswali Yenu: Alama Zimepanda, Zikilinganishwa na Nini?

Kampuni moja imetuletea utafiti unaoonyesha kwamba alama za hisabati za wanafunzi waliotumia programu yake zilipanda sana kati ya Januari na Juni. Je, shule iinunue? (Mwalimu mkuu, Morogoro)

Si kwa ushahidi huo, mwalimu mwenzangu, na swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nashangaa bado linaletwa bila kutajwa wanafunzi ambao hawakutumia programu hiyo. Mtoto anayefundishwa kuanzia Januari hadi Juni hutarajiwa kupanda hata kama hakuna aliyemuuzia kitu. Hata kulinganisha shule zenye kifaa na zisizo nacho hakutoshi. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walipochunguza chati za kufundishia nchini Kenya, ulinganisho wa kawaida ulionyesha kwamba shule zenye chati zilifanya vizuri zaidi. Lakini walipofuatilia shule 178, nusu yake zikiwa zimepewa chati kwa utaratibu usiojali ubora wa shule, tofauti hiyo haikuonekana. Shule inayojitafutia chati aghalabu ndiyo hiyo hiyo yenye uongozi makini na wazazi wanaofuatilia, na chati ikasifiwa kwa kazi ya watu.

Ripoti ya programu inasema mwanangu amemaliza viwango vyote vya kusoma. Huo si uthibitisho? (Mzazi, Nakuru)

Ni uthibitisho kwamba amebofya hadi mwisho. Mpe hadithi ambayo hajawahi kuiona, akusomee kwa sauti, kisha akusimulie alichosoma.

Ikiwa watoto wa mkoani kwetu walijifunza kusoma kwa vishikwambi bila mwalimu, sisi walimu tunahitajika kwa lipi? (Mwalimu, Tanga)

Unazungumzia shindano la Global Learning XPRIZE, lililopeleka vishikwambi katika vijiji takriban 170 vya Tanga, na ambalo mwaka 2019 zawadi yake ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya watengenezaji wawili wa programu za kujifunzia, Kitkit School na onebillion. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo la kuheshimiwa, lakini wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, kwa hiyo kishikwambi hakikushindanishwa na mwalimu bali na kutokuwa na chochote.

Anayetaka kujua kifaa kinaongeza nini juu ya mwalimu aliyeandaliwa vizuri autazame PRIMR, mradi wa kuboresha ufundishaji wa kusoma na hisabati, katika kaunti ya Kisumu, Kenya. Huko shule zote za mradi zilipata vitabu, mafunzo na ufuatiliaji wa walimu, na juu ya hayo kila kundi likapata vifaa vya kielektroniki vya walimu, vya wanafunzi au vya wakufunzi wanaotembelea madarasa. Watoto walisoma vizuri kuliko wa shule za kawaida, lakini vifaa vya walimu na vya wanafunzi havikuleta tofauti ya kuaminika kuliko pale vilipopewa wakufunzi peke yao, ilhali gharama iliongezeka. Anayewaambia kwamba kishikwambi kitaziba pengo la walimu ana mzigo wa kuuza.

Je, hakuna hata programu moja iliyofaulu? (Mwanafunzi wa ualimu, Mombasa)

Ipo. Mindspark ilijaribiwa Delhi, India, kwa wanafunzi 619 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na baada ya miezi minne na nusu waliopata nafasi waliwazidi wenzao waziwazi katika hisabati na Kihindi. Programu hiyo ilimpa kila mtoto maswali ya kiwango alichofikia, si cha darasa aliloandikishwa. Hata hivyo, ilitolewa katika vituo vya baada ya masomo vyenye msaidizi wa kufundisha, kwa hiyo usiisifu kompyuta peke yake.

Serikali ikituma fedha za kutosha, matokeo hayatapanda yenyewe? (Mjumbe wa kamati ya shule, Dodoma)

Hayatapanda yenyewe. Shirika la Twaweza lilipojaribu mradi wake wa KiuFunza katika shule 350 za Tanzania, mwaka 2013 na 2014, ruzuku kwa shule peke yake haikupandisha alama, na baadhi ya wazazi walipunguza walichokuwa wakitumia kwa watoto wao. Ruzuku ilipoambatana na malipo kwa walimu kulingana na wanafunzi waliofaulu, alama zilipanda.

Tunaweza kukutumia matokeo ya programu yetu uyachapishe? (Msambazaji, Nairobi)

Yatumeni, pamoja na jina la aliyegharimia utafiti na alama za watoto walioiacha programu katikati ya muhula.