Maswali yenu: Kuhesabu viwanja

Swali: Asalaam alaykum, nasikia Uingereza kuna watu wanapanda treni asubuhi wende kuangalia timu ndogo wasiyoijua hata jina, jioni warudi, wanahesabu viwanja tu. Mie nipo Unguja, ntaanzia wapi?

Jibu: Waalaykum salaam. Kweli wapo, na wengine vile viwanja 92 vya ligi nne za juu washavimaliza ndo wanashuka huko chini. Treni sahau, ile ya mjini mpaka Bububu walipanda mababu, we dandia daladala. Anza uwanja wa Mao Zedong hapo mjini halafu nenda shamba, kiwanja mchanga mtupu, mpira ukiingia migombani mechi inasimama mpaka watoto waulete (raha yenyewe hiyo!). Gombani ya Pemba usiiwache, boti unashukia Mkoani unachukua gari ya Chake, ila ulizia kabisa boti ya kurudi, mie nshalala Mkoani kwa kusubiri penalti.