Kioo cha Tangi la Samaki na Mwani Usiokoma

Safu hii imepokea barua nyingi kuhusu vioo vya matangi ya samaki wa mapambo. Kabla hujasoma majibu, pitisha kidole kwenye kioo chako kwa ndani. Je, kuna vumbi la kijani linalofutika mara moja, madoa magumu yasiyobanduka, au utando unaoteleza na kunuka? Hayo ni mambo matatu tofauti, na kinachoponya moja hakiponyi jingine.

Tangi langu ni la futi mbili. Kila Jumamosi napangusa kioo kwa sifongo mpaka kinang'aa, lakini Jumatatu jioni kimeshakuwa kijani tena. Nilipoanza kupangusa mara mbili kwa wiki, ndipo kikazidi. Nakosea wapi? — Msomaji, Donholm

Huo ni mwani wa vumbi, na kosa ni kuupangusa ukiwa ndani ya maji kisha kuuacha humo humo. Mwani huu hutoa chembe ndogo zinazoogelea. Ukizing'oa kwenye kioo hazifi, zinaelea kwa muda, na baada ya saa moja au mbili zinakuwa zimeshika kioo upya. Kila unapopangusa unazitawanya tu, kama anayefagia vumbi bila kulizoa.

Zitoe nje ya tangi. Kwanza chomoa hita na uiache ipoe kwa dakika kumi na tano, kwa kuwa hita yenye moto ikibaki wazi bila maji hupasuka. Zima na kichujio, maana pampu yake huungua ikizunguka pakavu. Kisha vuta maji kwa mpira hadi yabaki theluthi moja. Samaki watatulia hapo chini kwa muda mfupi bila madhara. Sasa kioo cha juu kiko wazi: kipanguse kwa karatasi nyeupe za jikoni zisizo na manukato, ukivuta kutoka chini kwenda juu, na kila mpanguso utumie upande mpya wa karatasi. Usiichovye karatasi ile tena majini. Sehemu iliyobaki chini ya maji iache kama ilivyo, utaikuta wiki ijayo. Rudisha maji yaliyotolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi, washa kichujio, na hita uiwashe mwisho, ikiwa imeshafunikwa. Kichujio kisikae kimezimwa zaidi ya saa moja, kwa sababu bakteria wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, humo ndani wanahitaji maji yenye hewa yawapitie.

Njia ya pili ni ya wenye subira, nayo hufanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani: usiguse kioo kabisa kwa wiki tatu. Mwani utakuwa mzito na wa kuchukiza, halafu utaanza kuchakaa na kumenyuka wenyewe. Hapo ndipo unapoutoa wote kwa siku moja, kwa utaratibu ule ule wa kupunguza maji. Mara nyingi ukirudi hurudi kwa unyonge. Wengi hushindwa njiani, wakapangusa wiki ya pili kwa sababu wageni wanakuja, na hapo kazi inaanza upya.

Katika njia zote mbili, taa iwake saa sita kwa siku, isizidi. Chakula kiwe kile samaki wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, na siku moja ya wiki wasile. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 lina lita 63 likijaa hadi ukingoni, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 ni karibu theluthi yake. Badilisha mtungi mmoja kila wiki, bila kuruka. Ukiishi penye mgao wa maji, jaza mtungi siku maji yanapokuja na uuweke kando kwa ajili ya samaki peke yao, usiwe ule uliowahi kuwekwa sabuni.

Tangi liko sebuleni karibu na dirisha linalotazama kusini. Julai na Agosti kioo kilikuwa safi kabisa. Kuanzia Desemba kimekuwa kijani kila wiki, na hatujabadilisha taa, chakula wala samaki. — Msomaji, Umoja

Kilichobadilika ni jua. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini na dirisha lako hubaki kivulini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi hupita upande wa kusini, na Januari na Februari mbingu huwa nyeupe bila wingu. Jua la moja kwa moja, hata la saa moja tu kwa siku, lina nguvu kuliko taa yoyote ya tangi la nyumbani. Mwenye dirisha la kaskazini husumbuka miezi mingine, ingawa mawingu ya Juni na Julai humwonea huruma. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana msimu: jua la asubuhi au la jioni huingia likiwa chini, na kufika mbali ndani ya chumba mwaka mzima.

Dawa ya kweli ni kulihamisha tangi. Lakini hata tangi la futi mbili, likiwa na maji na changarawe, lina uzito unaozidi kilo 75, na ukilinyanyua hivyo gundi ya silikoni kwenye pembe huachia. Hamishia samaki kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe, toa maji yote na changarawe, ndipo mlibebe watu wawili. Kama hakuna pa kulipeleka, bandika karatasi nyeusi kwa nje kwenye kioo cha nyuma na cha ubavu unaotazama dirisha, na pazia zito lifungwe saa ambazo jua linafika.

Angalia na taima ya taa pia. Zile za kuzungusha zenye vipini pembeni husimama stima inapopotea. Stima ikikatika kwa muda wa saa tatu, taima nayo inachelewa kwa saa tatu, na baada ya mwezi utakuta taa inawaka usiku wa manane juu ya mwanga ambao tangi limeshapata mchana. Iweke sawa kila stima inaporudi, au nunua yenye betri yake ya ndani.

Kuna vidoti vya kijani kibichi, vigumu kama rangi iliyokauka. Nilivisugua kwa sponji ya kijani ya sufuria. Vilitoka, lakini sasa kioo kina mikwaruzo. — Msomaji, Lang'ata

Pole sana. Ule upande mkali wa sponji ya sufuria umetiwa chembe za madini ngumu kuliko kioo, ndiyo maana unang'arisha alumini. Mikwaruzo myepesi ya ndani haionekani sana tangi likijaa maji. Ile mirefu itabaki, na mwani utapenda kujificha humo. Usijaribu kuipiga polishi tangi likiwa na samaki.

Kwa madoa magumu tumia wembe wenye makali upande mmoja, uliofungwa kwenye mpini, kama kile kikwangulio cha rangi kinachouzwa kwenye hadweya. Wembe wa kunyolea wenye makali pande mbili utakukata vidole chini ya maji. Ulaze pembe ya nyuzi 30 hadi 45, sukuma mbele bila kukandamiza, kwa mistari inayopandana kidogo. Simama sentimita moja kabla ya pembe za tangi, kwa sababu silikoni ikikatwa tangi litavuja, labda si leo. Simama tena sentimita tatu juu ya changarawe. Punje moja ya mchanga ikinaswa kati ya wembe na kioo huchora mstari mrefu ambao hautafutika kamwe. Ukimaliza, kausha wembe. Wenye kutu utupe.

Sumaku ya kusafishia ni nzuri kwa kazi ya kila wiki, mradi inunuliwe kwa unene wa kioo chako: ya kioo chembamba haitashika kioo kinene, na yenye nguvu kupita kiasi hugonga. Kipande cha ndani kikidondoka kwenye changarawe, kitoe nje na ukisuuze kabla ya kukirudisha. Hapo ndipo vioo vingi huharibikia.

Tangi likiwa la akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, yote hayo yasahau. Wembe haugusi akriliki. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda na kitambaa laini.

Kuhusu chanzo, madoa haya hukua polepole na hupenda mwanga mrefu wa saa kumi au zaidi. Kwenye matangi yenye mimea mingi, mara nyingi hutokea fosfeti, kirutubisho cha mimea, inapokuwa kidogo mno, jambo linalowashangaza wengi wanaoamini kwamba mwani wote huletwa na uchafu.

Tangi lina wiki nne. Natumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Kioo kimepata vumbi la kahawia, na juu ya maji kuna mstari mweupe mgumu. — Msomaji, Karen

La kahawia si la kukutia hofu. Ni diatomu, viumbe vidogo vinavyojijengea gamba kwa silika, na maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano huwa na silika ya kutosha. Karibu kila tangi jipya hupitia hapo. Futa kwa kitambaa laini, vuta yanayodondoka chini kwa mpira, na ungoje. Kwa kawaida hupungua tangi likifika miezi miwili. Usinunue dawa.

Mstari mweupe ni madini yaliyobaki maji yalipokauka. Kila unapoongeza maji ya kisima kufidia yaliyokauka, unaongeza madini mengine juu ya yale yaliyobaki, kwa sababu kinachopanda hewani ni maji matupu. Kufidia tumia maji laini, yaani yenye madini machache. Ya mfereji wa jiji, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, ila yatolewe klorini kwanza. Kuondoa mstari, punguza maji sentimita tano chini yake, lowesha karatasi kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ibandike juu ya mstari dakika kumi, kisha kwangua na upanguse kwa maji safi. Dawa za kupuliza za kusafishia madirisha zisikaribie tangi hata kwa nje: nyingi zina amonia, na mvuke wake huingia majini. Kioo cha nje kinatosheka na kitambaa chenye maji.

Kati ya kioo na mchanga kuna utando wa kijani-buluu unaobanduka kama ngozi, na unanuka udongo uliooza. — Msomaji, South B

Huo si mwani ingawa watu huuita hivyo. Ni bakteria wanaotumia mwanga, nao hupenda mahali maji yalipotuama na uchafu umekaa. Uvute wote kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, usiukwangue ukaachwa uelee. Kisha zima taa, funika tangi lote kwa blanketi zito siku tatu kamili, pampu ya hewa iendelee kufanya kazi, na samaki wasilishwe. Siku ya nne funua, vuta mabaki, badilisha nusu ya maji kwa mitungi yenye joto sawa. Elekeza mkondo wa kichujio upande huo. Kuna wanaotumia viuavijasumu vya dukani. Sisi hatushauri, kwa kuwa huweza kuua pia bakteria wa kichujio na kuacha samaki wakiungua na amonia.

Sehemu iliyo chini ya usawa wa mchanga itaendelea kupata mwanga kupitia kioo. Utepe mweusi wa upana wa sentimita tatu, ukibandikwa kwa nje, humaliza jambo hilo.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Naweza kumnunua samaki anayekula mwani badala ya kusafisha? Rafiki yangu anasema nichukue konokono bwawani. — Msomaji, Kasarani

Marahaba, mwanafunzi. Tunaanza na konokono: tafadhali usiwachukue. Baadhi ya konokono wa mabwawa na mito ya Kenya hubeba kichocho, na utakuwa ukiingiza mikono kwenye maji hayo kila wiki.

Ama samaki, pleko, yule anayenyonya mwani kwenye kioo, huuzwa kwa bei nafuu akiwa mdogo wa sentimita tano, lakini hukua kupita sentimita 30, na kinyesi chake hulisha mwani kuliko anavyoula. Akikushinda usimtupe mtoni wala bwawani, mrudishe dukani. Kama tangi lako linafika lita 80 hivi, tafuta Ancistrus, yule mwenye ndevu puani. Huyo huishia karibu sentimita 12 hadi 15, na anahitaji gogo la kutafuna na kipande cha tango au sukumawiki iliyochemshwa kidogo, kwa kuwa mwani peke yake haumshibishi.

Kwa tangi dogo, konokono wa nerite wawili au watatu kutoka kwa muuzaji unayemwamini ndio wasafishaji bora wa kioo, hata madoa magumu huyapunguza. Mayai yao meupe kama ufuta hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, hivyo hawatakujazia tangi. Yakionekana kwenye kioo, yabandue kwa kadi ya plastiki.