Kuweka LED kwenye taa za ukungu na za kona: jibu kwa dada wa Kabale

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Una Volkswagen iliyoletwa kutoka Japani, balbu za taa za ukungu ni H11 za wati 55, na taa hizohizo ndizo zinazowaka upande mmoja ukikata kona. Zilionekana hafifu, fundi akakuwekea LED nyeupe za kelvini 6000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Sasa dashibodi inaonyesha alama ya balbu iliyoungua, taa ya kushoto inakonyeza hata ukiwa umeizima, na ukipanda mlima wa Kanaba alfajiri kwenda kazini Kisoro huoni ila weupe mtupu. Unauliza urudishe za zamani au uendelee, na waliokujibu kabla yangu wanakwambia ununue LED kali zaidi.

Usinunue kali zaidi. Njia ya Kabale hadi Kisoro naijua vizuri, napeleka wageni wa gorila huko miaka mingi sasa, na ushauri huo niliwahi kuufuata kwa gharama yangu.

Prado ya kazi ilikuwa na balbu za HB4 za wati 51. Nikanunua LED dukani mjini, boksi limeandikwa lumeni 12,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. HB4 ya kawaida hutoa kama 1,100, kwa hiyo nikajiona nimepata taa za uwanja wa mpira. Usiku ule mjini barabara yote iling'aa, hadi mabango ya juu. Hiyo ya mabango ya juu ndiyo ingepaswa kunishtua, kwa sababu taa ya ukungu haina kazi ya kumulika bango, lakini nilifurahi tu.

Wiki iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, niko juu ya Kanaba na ukungu umelala barabarani. Nikawasha. Mbele yangu pakasimama ukuta mweupe, kama mtu ametandika shuka mbele ya bampa. Nikapunguza mwendo mpaka gia ya pili. Hapo ndipo alipotokea mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi, hana taa, hana kiakisi, nilimwona akiwa umbali wa lori moja. Nilisimama. Akapita akaniinulia mkono, nami nikakaa pale nimewasha hazadi, miguu inatetemeka. Nikazima zile taa za ukungu, nikabaki na dimu peke yake, taa kubwa zilizoinamishwa, na barabara ikaonekana vizuri kuliko nilipokuwa nazo. Jambo hilo ndilo lililonifanya nijifunze habari ya taa.

Chukua balbu yako ya zamani uitazame. Ndani ya kioo kuna waya mwembamba uliosokotwa, hauzidi punje ya mchele. Kioo cha nyuma cha taa, kile kinachong'aa kama bakuli, kimechongwa kwa hesabu ya mwanga unaotoka mahali pale pa ile punje na si pengine. Ukisogeza chanzo cha mwanga milimita moja au mbili, bakuli halijui la kufanya: sehemu ya mwanga inakwenda juu, sehemu inakwenda pembeni ovyo. Taa ya ukungu nzuri hutoa mwanga mpana, wa chini, wenye ukingo wa juu uliokatika kama umepigwa rula. Ukingo ule ndio taa yenyewe. Juu ya ukingo kuna matone ya ukungu usawa wa macho yako, na kila mwanga unaoyafikia unakurudia usoni. LED nyingi za bei nafuu zimebandikwa kwenye ubao mnene, chipu (vile vidoa vinavyotoa mwanga) ndefu, mwanga unaanzia nje kabisa ya pale palipokuwa waya. Zinaongeza mwanga na kuua ukingo. Ndiyo maana hata Ujerumani, wanakotengeneza taa na balbu zenyewe, balbu ya kwanza ya LED ya kubadilisha kwenye taa kubwa iliruhusiwa barabarani 2020, tena kwa orodha ya magari ambayo taa zake zimepimwa nayo moja moja.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu swali lako la kwanza lilikuwa kwamba taa zilikuwa hafifu. Kabla ya kubadilisha chochote, rudisha halojeni, yaani balbu zako za zamani, washa injini na taa za ukungu, kisha pima volti mahali pawili: kwenye betri na kwenye soketi ya taa, nyuma ya balbu. Betri ikisoma 13.8 na soketi ikasoma 12.4, nyaya au pini zimeshika kutu, na magari haya yaliyokaa baharini halafu yakaja kuogeshwa tope kila msimu wa mvua hupata kutu hiyo mapema. Halojeni haisamehe: ikikosa asilimia 10 tu ya volti, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Gari la shemeji yangu lilikuwa hivyohivyo. Tulichubua waya wa ardhi, ule wa hasi ulioungwa kwenye bodi, tukasugua pale kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza upya, tukapaka grisi. Taa zikafufuka bila kununua kitu. Na uangalie lenzi. Taa ya ukungu iko chini kabisa, kokoto na changarawe zinaipiga kila siku. Ikishakwaruzika na kuwa kama kioo cha bafuni, hakuna balbu itakayoiponya. Badilisha taa nzima. Pale soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utapata zilizotumika, ila zishike mkononi uzielekeze juani kabla hujatoa hela.

Ukishafanya hayo na bado unataka LED, na kwa taa ya kona nakuelewa kabisa kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mtoto aliyesimama ukingoni unapoingia kijiji, basi chagua hivi. Nenda dukani na balbu yako ya zamani. Iweke sambamba na LED, vichwa vya plastiki vikiwa usawa mmoja, uone kama chipu zimekaa palepale ulipo waya, urefu uleule. Ubao uwe mwembamba kiasi kwamba ukiutazama kwa ubavu unakaribia kupotea. Chipu ziwe pande mbili, na zikishafungwa kwenye taa zitazame kulia na kushoto, si juu na chini. Duka likikataa usilinganishe, toka. Na usidanganywe na lumeni za boksi. H11 yako ni kama lumeni 1,350. Ukipata LED yenye kiasi hicho au zaidi kidogo, ikatua mahali pake, inatosha. Mtu mwenye H8 awe mwangalifu zaidi, taa yake ilipangiwa lumeni 800, na H16 lumeni 500, ingawa madukani zote tatu huuzwa ndani ya boksi moja lililoandikwa H8/H11/H16.

Kuhusu dashibodi na kukonyeza, gari lako si bovu. Kompyuta ya gari inakagua balbu. Ikiwa taa imewashwa, inapima umeme unaopita: halojeni ya wati 55 inakula zaidi ya ampea nne, LED inakula moja na nusu au mbili, kompyuta inahesabu kwamba balbu imeungua. Ikiwa taa imezimwa, inatuma vipande vifupi vya umeme kuona kama waya wa balbu bado uko mzima. Waya wa halojeni hauwahi kupata moto kwa kipande kifupi kiasi hicho, hivyo huoni kitu. LED inawaka papo hapo, ndiyo kule kukonyeza. Na taa ya kona ina la tatu: ukigeuza usukani haiwaki kwa mkupuo, inapanda polepole, na ukinyoosha inafifia polepole. Kompyuta inafanya hivyo kwa kukatakata umeme haraka sana. Halojeni inapokea ule mkatiko kama ulaini. LED yenye saketi yake ndani inawaka, inazima, inawaka, na ndiyo maana wengine wanalalamika kwamba taa ya kona inatetemeka kwenye mzunguko wa barabara na watu wanadhani unawaita.

Fundi atakwambia dawa ni rezista, kipande kinachokula umeme wa ziada ili kompyuta idhani halojeni bado ipo. Ngoja nikueleze tulichoona kwenye gari la shemeji. Baadaye naye aliweka LED kwenye Volkswagen yake, wakamfungia rezista ya omu 6, ile ya ganda la rangi ya dhahabu, wakaibana kwa kamba ya plastiki kwenye fungu la nyaya nyuma ya bampa. Piga hesabu: kwa volti 13.8 rezista hiyo inageuza kama wati 32 kuwa joto tupu, muda wote taa ikiwaka. Tulipofungua baada ya miezi miwili, kamba ilikuwa imeyeyuka, rezista inaning'inia na waya wake, na mpira wa fungu la nyaya umekunjamana na kunuka. Kama ni lazima uitumie, ifungwe kwa skrubu kwenye chuma kitupu cha bodi, mbali na plastiki na nyaya. Nayo haimalizi kutetemeka kwa taa ya kona.

Kilichotusaidia ni mtu mwenye kifaa cha kuingia kwenye kompyuta ya Volkswagen. Aliingia sehemu ya umeme wa taa, akazima ule ukaguzi wa taa ikiwa imezimwa, akabadilisha aina ya balbu kwa taa hizo mbili kuwa LED, na taa ya kona ikawa inawaka moja kwa moja bila kupanda polepole. Dakika ishirini. Mwambie aandike kwanza namba zote zilizokuwamo kabla hajagusa, nawe uzipige picha kwa simu. Usikubali afanye kwa kukisia, maana sehemu hiyohiyo inaendesha dimu na indiketa zako. Ukikosa mtu wa hivyo Kabale, tafuta Mbarara, halafu ndipo ununue balbu. Usianze na balbu.

Maji. Hapa wengi hawakwambii. Halojeni inatupa joto mbele, na joto hilo linakausha lenzi kwa ndani. LED inatupa joto lake nyuma, kwenye mapezi au kwenye feni. Kwa hiyo umande ukiingia ndani ya taa, na kule kwetu juu kwenye baridi utaingia, unabaki umeganda kwenye lenzi. Hakikisha mpira wa duara kwenye shingo ya balbu ni mzima, upake grisi ya silikoni kidogo, na uone kwamba tundu la kupumulia la taa halijazibwa na tope. Chukua ile isiyo na feni, ya mapezi ya alumini. Feni yangu ya kwanza ilikufa siku niliyopita dimbwi karibu na Rushaga, na balbu ikafuata baada ya siku tatu.

Rangi nitasema kwa kifupi. Kuna imani kwamba njano inapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, yanatawanya njano na nyeupe karibu sawasawa. Ufaransa walikuwa na taa za njano kwa sheria tangu miaka ya 1930 hadi 1993, wakaziacha. Hata hivyo mimi Prado yangu sasa ina za njano, kelvini 3000, kwa kuwa weupe wa kelvini 6000 una ubuluu unaonichosha macho nikiendesha saa mbili mfululizo, na kwa kuwa barabara ya lami iliyolowa naisoma vizuri zaidi kwa njano. Hiyo ni macho yangu.

Siku ya kufunga, usiondoke gereji kabla ya ukuta. Tafuta mahali tambarare, simamisha gari mita saba na nusu kutoka ukutani, tangi nusu, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya lenzi ya taa ya ukungu, uweke alama ya chaki ukutani urefu huo, kisha chora mstari sentimita 10 chini yake. Anza na halojeni, uchore ukingo wa juu wa mwanga, unaopaswa kukaa kwenye mstari huo. Halafu weka LED. Ukingo wa LED ukae kwenye mstari uleule, mkali vilevile, na juu yake ukuta ubaki giza. Ukingo ukiwa mkali lakini uko juu, kuna skrubu moja kwenye taa ya kushusha na kupandisha, fundi aizungushe. Ukingo ukiwa haupo, yaani mwanga umepaka ukuta mzima hadi kwenye paa, ile balbu haifai kwa taa hiyo. Hakuna skrubu itakayoiponya, irudishe dukani.

Ile ya kushoto ikikataa kuwaka kabisa siku hiyo, geuza plagi kabla hujailaumu, LED nyingine zinachagua chanya na hasi. Na zile halojeni mbili zifunge kwenye gazeti uziweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na bisibisi. Zishike kwa kitambaa, usiguse kioo chake kwa vidole. Ukifanya kipimo cha ukuta tuma picha hapa, zote mbili, ya halojeni na ya LED, tukuangalizie ukingo kabla hujapanda tena Kanaba.