Maswali ya Wawindaji: Bunduki ya Wenzo, Risasi Gani kwa Mnyama Mkubwa?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani, na zote zinazunguka jambo moja: bunduki ya wenzo, ile unayoiingizia risasi kwa kushusha na kurudisha kishikio kilicho chini ya kifyatulio, ikiwa ya kaliba kubwa, yaani mtutu mpana. Majina yanayoanza na nukta, kama .45-70, ni aina za risasi. Vipimo tumeviacha kama vinavyoandikwa kwenye maboksi ya risasi: uzito wa kichwa, yaani kipande kinachoruka, kwa greni (greni 400 ni kama gramu 26), kasi kwa futi kwa sekunde, nguvu kwa futi-pauni.

SWALI: Naishi Anchorage, Alaska. Nataka bunduki moja ya wenzo ya kuwindia musi (yule kulungu mkubwa kuliko wote), na iwe pia ya kujihami na dubu. Muuzaji ananitajia .45-70, .444 Marlin na .450 Marlin, na zote anazisifu. Nichukue ipi? – M.S.

JIBU: Chukua .45-70, ndugu. Si kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, bali kwa sababu utazipata risasi zake, na kwa aina nyingi.

.450 Marlin ilitolewa mwaka 2000 na Marlin, watengenezaji wa bunduki, pamoja na Hornady wa risasi. Kiutendaji ni .45-70 iliyoshindiliwa baruti zaidi, ikawekwa kwenye ganda lenye mkanda kitakoni ili isiweze kuingia kwenye bunduki za zamani. Greni 350 kwa futi 2,100 si mchezo. Tatizo ni kwamba bunduki zake ni chache, na risasi zake unaweza kuzisaka duka hadi duka. Anayeishi mbali na mji asijitie kwenye shida hiyo.

.444 ni ya 1964. Kipenyo cha kichwa chake ni kilekile cha bastola ya .44 Magnum, na hapo ndipo inapoponza watu. Risasi yake ya awali ya kiwandani ni ya greni 240 kwa futi 2,350. Vichwa vingi vya uzito huo vilibuniwa kwa kasi ya bastola, kwa hiyo vikigonga bega la musi hupasuka mapema na jeraha likabaki juu juu. Ukiwa nayo tayari usiiuze. Tumia kichwa cha greni 265 kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki. Ila kagua mtutu kwanza: za zamani zina msokoto (mifereji ya ndani inayozungusha kichwa) wa mzunguko mmoja kwa inchi 38, na huo hautulizi vizuri vichwa vinavyozidi greni 300. Ukiona matundu marefu ya ubavu kwenye karatasi ya shabaha, kichwa kinapinduka angani.

Sasa .45-70 yenyewe. Jina moja, lakini dukani utakuta risasi za tabia tatu tofauti. Ya kwanza ni ya upole: greni 405 kwa futi 1,330 tu. Kwa kulungu msituni inatosha sana, na bega halilalamiki. Ukiipimia shabaha yadi 100, ikifika yadi 200 itakuwa imeshuka zaidi ya inchi 20. Basi iheshimu mipaka yake. Ya pili ni Hornady yenye ncha laini ya plastiki, greni 325 kwa futi 2,050. Hii ipimie igonge inchi 3 juu ya kitovu kwa yadi 100. Kwa yadi 200 itagonga kama inchi 4 chini. Kwa musi tungeanza na hii. Ya tatu ni risasi nzito yenye kichwa cha madini ya risasi yaliyoongezwa ugumu, pua bapa, greni 420 hadi 430 kwa takriban futi 1,900. Haitanuki sana, inapenya. Ndiyo ya dubu anayekuja, kwa sababu kinachotakiwa hapo ni kuvunja mfupa na kufika ndani hata akiwa amekuelekea uso kwa uso.

Kwa mfano wa namna tofauti hizi zinavyohesabika: Alaska inamtaka mwindaji wa baisani (nyati wa Amerika) awe na bunduki inayorusha kichwa cha angalau greni 200, kikiwa bado na futi-pauni 2,000 kwa yadi 100. Ile Hornady ya greni 325 inafika hapo na 2,158. Ile ya upole haina hata 1,600 ikitoka mdomoni mwa mtutu. Bunduki ni ileile, mtutu uleule. Boksi ndilo lililobadilika.

Kuhusu teke, yaani bunduki inavyokusukuma begani: katika bunduki ya pauni saba na nusu, ile nzito ya dubu inarudisha zaidi ya mara mbili ya ile ya upole. Fanya mazoezi na ya upole, kisha piga chache za kazi kuhakikisha shabaha. Usidhani zitagonga mahali pamoja. Hazigongi.

SWALI: Nimenunua bunduki ya zamani ya Springfield, ile ya mlango unaofunguka juu. Imeandikwa .45-70. Naweza kutumia risasi kali za siku hizi? – J.K., Minnesota

JIBU: Hapana. Hata moja.

Risasi ya .45-70 ilizaliwa 1873 pamoja na bunduki hiyo, ikitumia greni 70 za baruti nyeusi. Kiwango cha kisasa cha viwanda vya Marekani kimewekwa pauni 28,000 kwa inchi ya mraba kwa kuzijali bunduki kama yako. Risasi kali hupita hapo kwa mbali, na ganda linaingia bila kipingamizi, kwa hiyo chuma hakitakuonya. Soma boksi: watengenezaji huandika ni kwa bunduki zipi. Lisipotaja kabisa, liache dukani. Marlin 1895 ya kisasa, iliyoanza 1972, ni chuma kingine. Vivyo hivyo Winchester 1886 zinazotengenezwa Japani siku hizi. Lakini Winchester 1886 halisi ya karne ya 19 ihesabu upande wako. Na kabla ya kupiga hata ile ya upole, mpelekee fundi bunduki aikague bawaba na kilango.

SWALI: Nimesoma kwamba Rais Roosevelt alikuja kwetu na bunduki ya wenzo akaua simba. Je, .45-70 inafaa kwa nyati wa Tanzania? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ni kweli. Theodore Roosevelt, akiwa ameshaacha urais, alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester 1895 ya .405, greni 300 kwa futi 2,200, na aliipenda kwa simba. Lakini tazama na vingine alivyobeba: kwa tembo na kifaru alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Hata yeye hakuutegemea wenzo peke yake.

Kwa nyati, Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375. Kwa kipenyo .45-70 inavuka kwa urahisi, .458. Kwa nguvu, hata iliyoshindiliwa inatoa kama futi-pauni 3,500, ilhali .375 H&H ya greni 300 inatoa zaidi ya 4,200 na kichwa chake kirefu kinapenya kwa unyoofu. Nyati wamewahi kuuawa kwa .45-70, hilo halina ubishi. Sisi tungebeba .375 ya bolti, ile unayoivuta nyuma kwa mkono kuingiza risasi. Mwindaji bingwa anayekuongoza naye atakuwa na la kusema, na neno lake ndilo la mwisho porini.

SWALI: Marlin yangu ya .45-70 inakwama, wenzo haushuki wala haupandi. Na je, naweza kutumia vichwa vyenye ncha kali vifike mbali? – H.A., Ohio

JIBU: Tuanze na la pili, maana lina hatari. Ndani ya bomba lililo chini ya mtutu risasi zimepangana, pua ya moja ikigusa fataki (kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma pamoja na teke vinaweza kuifyatua. Tumia pua bapa, au ile ncha laini ya plastiki iliyobuniwa kwa bomba. Ukijaza maganda mwenyewe, urefu wote usizidi inchi 2.55, la sivyo risasi haitapita. Na kichwa cha Hornady chenye ncha laini kinataka ganda lililokatwa hadi inchi 2.04 badala ya 2.105.

Kukwama mara nyingi ni mkono: wenzo umerudishwa kabla haujafika mwisho. Ushushe wote, kwa nguvu, kisha urudishe. Kama unaushusha wote na bado inakwama, kinyanyua risasi huenda kimelika pale ncha ya wenzo inapokikwaruza, na risasi ya pili inaponyoka nusu kutoka kwenye bomba. Usilazimishe. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua skrubu ya wenzo, vuta wenzo utoke, kisha uvute bolti nyuma. Kidole cha kutupia maganda kitaanguka, usikipoteze. Toa risasi zote, na kinyanyua kipeleke kwa fundi kikajazwe au kibadilishwe. Skrubu hiyo hiyo ya wenzo ikague kila baada ya kupiga risasi kali, maana teke huilegeza.